Dalali Hatumbishii, wa Guta Tunamkamua

Chukua chumba kimoja cha kawaida kule Charambe: luku ya kuchangia, choo cha nje, elfu hamsini kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, hiyo ni 300,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 50,000, na kabla ya hapo alishakula elfu kumi ya kukuonyesha vyumba vitatu, ambavyo viwili vilikuwa na watu tayari. Halafu inafika siku ya kuhama. Kirikuu kutoka Chang'ombe mpaka Charambe, dereva anasema elfu arobaini. Hapo ndipo mwanachuo anapopata sauti. "Arobaini? Braza, mimi mwanafunzi bwana. Nina kumi na tano."

Ukijumlisha, kuhama huko kumetaka shilingi 400,000. Laki tatu na sitini hazikubishaniwa hata kidogo. Mwenye nyumba akisema miezi sita ni miezi sita. Ukimwomba mitatu anakwambia kuna mtu mwingine anakuja kukiona jioni. Dalali ukimbishia anakata simu, na kesho namba yako haipokelewi. Ubishi wote tulionao, kusonya, kuondoka hatua tatu na kurudi, kumwita mtu "mzee" na hapo hapo kumwambia anataka kutupiga, tumeuweka akiba kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule atakayebeba godoro.

Naandika haya kwa sababu wiki ya kufungua inakaribia na najua litakalotokea nje ya geti. Sisi wa ualimu tunalijua zaidi, maana tunahama kuliko watu wa kozi nyingine. Ikifika TP mtu anapangiwa shule Lindi au Singida. Hawezi kulipia chumba cha Mbagala wiki zote hizo ambazo hayupo, kwa hiyo anatoa vitu, anavipeleka kwa shangazi yake Kijichi au kwa mwenzake mwenye kona tupu, akirudi anaanza kutafuta chumba upya. Mpaka anavaa joho ameshahama mara tano, sita. Kila mara kuna dalali, na kila mara kuna mtu wa kubeba.

Mimi nimekulia Mbagala. Mjomba wangu, mdogo wake mama, anaendesha kirikuu ambacho si chake, na tangu nikiwa sekondari nimekuwa nikimsikia jioni akipiga hesabu za siku kwa sauti huku anakula. Kwa hiyo naijua ile elfu arobaini kutoka upande wa pili.

Kwanza kuna hesabu ya mwenye gari. Mjomba anapeleka 25,000 kila siku, apate safari asipate. Siku ya mvua ni 25,000, na siku ya mechi ya watani, mji wote ukiwa kwenye vibanda umiza, ni 25,000 vilevile. Pili kuna petroli. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kwa miaka hii miwili mitatu lita moja imekuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000. Chang'ombe kwenda Charambe na kurudi, gari imepakia na foleni ya Barabara ya Kilwa ipo, inakula kama 7,000. Tatu kuna kijana wa kubeba, maana mtu mmoja hashushi kabati peke yake. Huyo ni 5,000.

Sasa toa. Ukimlipa mjomba kumi na tano, ukiondoa petroli na kijana, anabaki na 3,000 mkononi. Bado ana deni la 25,000 la hesabu, na saa tatu za siku yake zimekwisha, maana kupakia, foleni na kushusha si jambo la dakika arobaini. Ukimlipa arobaini anabaki na 28,000. Hesabu inatoka, na 3,000 inaenda nyumbani. Ile arobaini ambayo tunaiita wizi, kwa siku yenye safari moja, ni buku tatu ya unga na mboga. Siku yenye safari mbili au tatu anacheka, sikatai. Lakini zipo siku anashinda kijiweni anacheza drafti mpaka jua linazama, na jioni anamwomba mwenye gari amwache hadi kesho.

Nieleweke vizuri. Sisemi tusiombe kupunguziwa. Kupatana bei ni mila yetu, na dereva mwenyewe anapotaja arobaini ameshaweka na ya kupunguza ndani yake, akitegemea mtafika thelathini na tano au thelathini. Hakuna ubaya hapo. Ninachokipinga ni kumshusha mtu mpaka mahali ambapo ukiijua hesabu yake unaona kabisa kwamba kazi yenyewe haiwezekani, halafu akikubali kwa sababu ya njaa ya siku hiyo, tunapigana tano na kusema tumemuweza.

Na kuna kitu kingine ambacho hatukisemi: bei iliyoshushwa mpaka chini ya petroli huwa haikai chini. Inarudi kwa mlango mwingine.

Rafiki yangu mmoja, mwaka wa pili, alihama muhula uliopita kutoka Temeke kwenda ndani ndani huko njia ya Chamazi. Walipatana kumi na tano. Dereva alikubali haraka mno, na hiyo peke yake ilitosha kumshtua mtu. Walipofika Rangi Tatu akaongeza mzigo wa mtu mwingine, mifuko ya saruji, juu ya meza ya huyu dada. Walipoacha lami akasimama. Mchanga, akasema, gari itazama, mimi nimepatana na wewe safari ya barabarani. Wakabishana robo saa. Mwisho akashusha vitu chini ya mwembe na kuondoka. Huyu rafiki yangu akakodi guta mara mbili, elfu tano kila safari, na vijana watatu wa kusaidia, elfu mbili kila mmoja. Ile kumi na tano ikawa thelathini na moja, na kioo cha kabati kikawa na ufa kutoka juu mpaka chini.

Yeye hadithi hiyo anaisimulia kama hadithi ya tapeli. Mimi nikiisikia naona watu wawili walioficha kitu. Dereva alijua kuwa kumi na tano haifiki na hakusema, na hilo ni kosa lake, tena kubwa. Angesema tu "dada, kwa hiyo siwezi" na kila mtu akaendelea na mambo yake. Mwenzetu naye hakusema kwamba chumba kiko mita mia nne ndani ya mchanga, kwa sababu alijua akisema, bei inapanda. Kila mmoja alipanga kumshtukiza mwenzake kwenye eneo la tukio. Aliyewahi ndiye aliyeshinda.

Watu wa sheria wanaosoma gazeti hili watanisahihisha nikikosea, lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua hata makubaliano ya mdomo. Na mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake anatakiwa aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza yake. Kwa maana hiyo saruji juu ya meza si "bahati mbaya." Ila nani ataenda Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya kioo cha kabati? Na akienda, atasema walikubaliana nini? Walikubaliana neno moja tu, "kumi na tano." Hawakukubaliana mpaka wapi, nani anapakia, nani anashusha, kama kuna ghorofa, kama gari ni la mtu mmoja au la kuchangia, wala kama kitu kikivunjika inakuwaje. Sisi tunaojaza fomu ya kurasa nne kuomba kitabu maktaba, tunahamisha kila tulichonacho duniani kwa neno moja.

Hapo nimemzungumzia dereva wa kirikuu, ambaye angalau ana injini. Shuka ngazi moja.

Guta la pedali, lile la magurudumu matatu, injini yake ni mapaja ya mtu. Ukitoka Temeke na guta kwenda Mbagala unashuka bonde la Mto Kizinga, halafu unalipanda. Kwenye mteremko jamaa anakanyaga breki ya chuma huku mgongo umepinda kama upinde. Kwenye mlima anashuka na kusukuma. Barabara imegawanywa vizuri siku hizi, mwendokasi ina njia yake ya zege, magari yana yao, wa miguu wana yao. Guta limebaki linabanana pembeni na daladala na bodaboda, na kila mwenye honi anampigia yeye. Huyo EWURA haimhusu. Petroli yake ni wali maharage, na wali maharage nao unapanda bei bila tangazo lolote.

Huyu ndiye tunayemkamua kuliko wote. Nimesikia kwa masikio yangu msomi mmoja akimwambia mzee wa guta, mtu wa umri wa baba yake: "Hutumii mafuta wewe, unataka elfu kumi ya nini?" Sentensi hiyo nimeifikiria sana. Ukiichunguza utaona maana yake ni kwamba petroli ina thamani na jasho halina. Chombo kikinywa mafuta tunalipa mafuta. Mtu akichoka, huo ni uchovu wake.

Somo langu la kufundishia ni Historia, na ndiyo maana sentensi ile ilinikaa. Darasani tunafundisha habari za wapagazi wa karne ya 19, waliotembea kati ya Tabora na Bagamoyo na mzigo wa karibu kilo thelathini mabegani, pembe na vitambaa na shanga. Tunafundisha kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vita ambayo makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi. Kipindi kikifika hapo darasa zima linanuna kwa uchungu. Unyonyaji, tunaandika ubaoni. Kisha kengele inalia, tunatoka nje kwenda kumwambia mpagazi wa leo kwamba hatumii mafuta.

Tena wale wapagazi wa zamani walijua kupatana kuliko sisi. Ujira ulikuwa na mazungumzo yake, na posho, yaani chakula cha njiani, ilikuwa na mazungumzo yake pembeni. Posho ikikosekana msafara ulisimama, mizigo ikatuliwa chini, na tajiri akabaki anang'aka peke yake porini. Hakukuwa na neno moja la "kumi na tano" lililofunika kila kitu. Kulikuwa na mzigo wa uzito unaojulikana, vituo vinavyojulikana na chakula kinachojulikana. Karne moja na nusu baadaye tumerudi nyuma.

Kuna wenzetu wanaopenda kutolea mfano nje. Marekani kuna kampuni inaitwa U-Haul, ilianzishwa mwaka 1945 na Leonard Shoen na mkewe Anna Mary, nao walianza kwa kukodisha matela madogo. Unalifunga tela nyuma ya gari lako mwenyewe, unahama nalo mji mmoja, unaliacha kwa wakala wao mji mwingine. Mwanafunzi wa kule anahama hivyo mpaka leo. Ukipasua kioo umekipasua mwenyewe, ukizama kwenye mchanga umezama mwenyewe. Mfumo mzuri, lakini unakudai uwe na gari la kuvutia, leseni, na sehemu ya kuegesha. Kwetu hata tela lina mtu wake. Mwenzangu mmoja wa Ifakara anasema kwao zile pawatila zilizosambaa tangu enzi za Kilimo Kwanza, mwaka 2009, zinafungwa tela na kubeba mpunga, mbao, hata kitanda cha bibi harusi, na daima yupo jamaa ameshika usukani mrefu kule mbele. Hapa Dar ukisema "nimekodi kirikuu" hukupewa ufunguo. Umekodi gari, dereva, mgongo wa dereva, ujuzi wake wa vichochoro na uvumilivu wake wa foleni, vyote kwa pamoja. Kisha bei unampangia kana kwamba amekuazima toroli.

Hapo ndipo linapoingia lile wazo lililozunguka kwenye magrupu yetu mwezi uliopita, kwamba serikali ya wanafunzi inunue toyo lake, au hata pikapu kuukuu na tela, wanachuo wahame kwa bei ya mafuta tu. Lilipata makopakopa mengi. Mimi silikubali.

Sababu yangu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: tunahama wikiendi nne au tano kwa mwaka. Wiki zilizobaki chombo kitasimama juani, matairi yakikauka, huku bima na leseni vinadaiwa. Mwenye kirikuu anaishi kwa sababu leo kabeba mwanachuo, kesho kabeba matofali, keshokutwa kabeba viti vya msibani. Sisi hatutabeba matofali. Pili, chombo kinataka dereva, na dereva anataka mshahara hata Machi ambapo hakuna anayehama. Tatu, na hili tunalijua ila hatulisemi kwenye magrupu, mali ya wote chuoni ina tabia ya kuharibika chini ya kiongozi huyu na kutengenezwa chini ya yule. Uongozi ukibadilika kila mwaka, nani atakumbuka kubadilisha oili? Na hata kama yote hayo yangewezekana, tungekuwa tumetafuta mamilioni ya kununulia chombo ili tusimlipe mtu wa kijiweni elfu arobaini yake.

"Lakini sisi maskini." Hilo ndilo jibu ninalopewa kila nikianza mada hii, na ni la kweli. Bumu linachelewa. Wapo wasio na mkopo kabisa. Mtu ameshatoa laki tatu na nusu, na hiyo arobaini anaitoa kwenye pesa ya kula. Sitaki kumwambia mtu mwenye njaa awe mkarimu.

Basi tupige hesabu nyingine. Vitu vya mwanachuo mmoja ni nini? Godoro la nne kwa sita, begi mbili, mtungi mdogo wa gesi, ndoo, sufuria, feni, sabufa kama ni mtu wa makelele, labda meza na shelfu ya vyombo. Havijazi kirikuu. Vinajaza theluthi yake, na sehemu iliyobaki tunalipia hewa. Wiki ya kufungua, watu watatu wanatoka Chang'ombe siku ileile kwenda Mbagala ileile, mmoja Kizuiani, mmoja Rangi Tatu, mmoja Charambe, kila mmoja na kirikuu chake, kila mmoja anamkamua wa kwake. Wakichukua gari moja kwa arobaini, wakamwongezea dereva elfu sita kwa kusimama vituo viwili vya ziada, hiyo ni 46,000. Gawa kwa tatu: elfu kumi na tano na mia tatu na kitu.

Ni ileile kumi na tano. Kila mmoja amelipa kiasi alichokuwa anakililia, na dereva amepata zaidi ya alichoomba.

Nilimwonyesha mjomba hesabu hiyo, akacheka, akasema watu wa sokoni wanafanya hivyo tangu zamani. Mama ntilie watatu wanachanga kirikuu kimoja asubuhi kutoka sokoni, kila mtu na gunia lake lenye alama ya kitambaa. "Nyie wasomi ndio kila mtu anataka gari la peke yake," akasema, "halafu mnataka bei ya gunia."

Kuchanga kunatatua na jambo jingine ambalo wanaume hulisahau kwenye mada hii. Binti anayehama peke yake anampeleka mtu asiyemjua mpaka kwenye mlango wa chumba chake. Yule mtu ameona ana feni, ana laptop, ana kufuli la aina gani, na kwamba hakuna mwanaume ndani. Wengi wao ni watu wema wanaotaka kushusha na kuondoka. Lakini mimi nimeshakaa kwenye kiti cha mbele cha kirikuu nikiwa peke yangu, giza linaingia, dereva ananiuliza kama nitakuwa naishi na nani, na najua mtu anavyohesabu mapigo ya moyo wake kwenye hali hiyo. Tukiwa watatu, na dereva akiwa mtu wa kijiwe kinachojulikana, swali hilo halina makali. Huyu ni sababu yangu kubwa kuliko zote ya kupendelea dereva anayejulikana kuliko dereva wa bei rahisi, na sioni aibu kusema hivyo. Vilevile tuache ule mtindo wa watu wanne kupanda nyuma juu ya magodoro "kushikilia vitu." Gari la mizigo si la abiria. Trafiki akilisimamisha, faini ya elfu thelathini inamwangukia dereva, na mkianguka mnaangukia lami.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko toyo na hakina mnada wala uzinduzi. Wizara ya malazi ya serikali ya wanafunzi iende kwenye vijiwe viwili au vitatu, cha karibu na chuo na vya Mbagala kwenyewe, ikae na madereva na watu wa guta, waandike bei za maeneo: mpaka Mtongani, mpaka Kizuiani, mpaka Rangi Tatu, na ndani zaidi. LATRA inatupangia nauli za daladala na tunazikuta zimebandikwa. Mzigo wa kirikuu hauna nauli ya kubandika, lakini hakuna anayetukataza kuelewana na kubandika yetu. Bei ziguswe kila muhula kwa kufuata petroli, na siyo kwa kufuata "mwaka jana nililipa."

Kisha kiwepo kikaratasi. Nusu ukurasa. Kutoka wapi mpaka mlango gani. Lami inaishia wapi na mchanga ni hatua ngapi. Ghorofa ya ngapi. Nani anapakia, nani anashusha, na kijana wa kubeba analipwa na nani. Gari ni la mtu mmoja au la kuchangia. Vitu vya kuvunjika vitajwe kwa majina: kioo, runinga, feni. Vikivunjika nani anafidia na kwa kiasi gani. Nusu ya hela wakati wa kupakia ili petroli ipatikane, nusu mlangoni. Namba za gari, jina la dereva, na nakala moja ibaki kwa mlinzi wa geti.

Nilikuwa na wasiwasi madereva wangekikataa kikaratasi. Nilipeleka mfano kijiweni kwa mjomba Jumapili iliyopita, wakasoma wakiwa wamesimama, mmoja akisomea wenzake kwa sauti. Hawakubishia fidia. Hawakubishia nusu kwa nusu. Walichotaka kiongezwe ni mstari mmoja ambao mimi sikuwa nimeufikiria: mwanachuo awe amemaliza kufunga vitu vyake kabla gari halijafika. Wanasema wanaitwa saa mbili asubuhi, wanafika, wanamkuta mtu ndiyo kwanza anakunja nguo, na saa nne bado wanasubiri huku simu nyingine za kazi zinawapita. Mzee mmoja wa guta akataka na wa kwake: maji ya kunywa yatoke kwa mwenye mzigo.

Nimeiandika yote miwili. Fomu ziko kwangu, nakala ishirini, na za kutoa kivuli zaidi nitachangisha. Anayehama kwenda upande wa Mbagala wiki ya kufungua na ana nafasi kwenye gari, au anatafuta wa kuchanga naye, ajiandikishe ubao wa matangazo wa kantini kabla ya Alhamisi, aandike anakokwenda na idadi ya magodoro.